Feri, umeme na huduma za visiwani: jinsi wabunge wa Uganda wanavyowahoji mawaziri

Wilaya ya Kalangala nchini Uganda ni mkusanyiko wa visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria, na zaidi ya 60 kati ya hivyo vina wakazi. Hakuna daraja linaloiunganisha wilaya hiyo na nchi kavu. Mama ambaye uchungu wake umezidi uwezo wa kituo cha afya cha kisiwani, karatasi za mitihani ya taifa, saruji ya kujengea madarasa, dizeli ya jenereta na samaki wanaopelekwa sokoni, vyote hupita majini. Hata mbunge anayekwenda Kampala kuuliza kwa nini feri imesimama hana budi kwanza kutafuta chombo cha kumvusha.

Kwa sababu hiyo, swali la feri katika Bunge la Uganda halijawahi kuwa swali la uchukuzi peke yake. Ndani yake mna swali la hospitali, la umeme, la shule na la fedha za Hazina. Makala haya yanaeleza namna swali la aina hiyo linavyosafiri kutoka mwaloni hadi ukumbi wa Bunge, ni nani anayepaswa kulijibu, na kwa nini linaweza kujibiwa mara nyingi bila ya kumalizika.

Njia mbili za kuvuka

Kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Kalangala ni Bugala, na hapo ndipo yalipo makao makuu ya wilaya. Msafiri anaweza kukifikia kwa njia mbili za umma. Ya kwanza ni kutoka gati la Nakiwogo, mjini Entebbe, hadi Lutoboka, safari ya takriban saa tatu na nusu kwa MV Kalangala, meli iliyoanza kazi mwaka 2006 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 108 na magari manane. Kwa ratiba iliyozoeleka kwa miaka mingi, meli hiyo huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi na kugeuza kutoka Nakiwogo saa nane mchana. Ni safari moja ya kwenda na moja ya kurudi kwa siku.

Njia ya pili hupitia Masaka. Kutoka mji huo ni kilometa zipatazo 40 hadi mwalo wa Bukakata, na kutoka hapo feri huvusha watu na magari hadi Luuku, upande wa Bugala, kwa muda usiofika saa moja. Feri za njia hii, MV Pearl na MV Ssese, zilianza kazi kuanzia mwaka 2012, na abiria hatozwi nauli.

Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo inayoeleza mengi ya maswali yanayofika bungeni. Bukakata kuna feri mbili, hivyo moja ikiharibika nyingine hubakia. Nakiwogo kuna meli moja ya serikali, na inapoondolewa majini kwa matengenezo, kama ambavyo imelazimika kuondolewa mara kadhaa, njia yote ya Entebbe hubaki mikononi mwa vyombo vya watu binafsi. Mwenye gari hulazimika kuzunguka kupitia Masaka, na asiye na gari wala muda hupanda boti ya mbao. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu 54,293 katika wilaya hiyo. Kwa mizani ya Kampala idadi hiyo ni ndogo, na udogo huo una uzito wake wakati wa kugawa bajeti. Ni wajibu wa wabunge wake kuusawazisha kwa hoja.

Kalangala ina wabunge watatu: wa jimbo la Bujumba, wa jimbo la Kyamuswa, na mbunge mwanamke wa wilaya. Katika Bunge la 11, lililoingia madarakani mwaka 2021, viti vya kuchaguliwa vilikuwa 529. Sauti tatu kati ya 529 haziwezi kushinda kura yoyote peke yake. Zinachoweza kufanya ni kuuliza, na kuuliza tena, na kutafuta wenzao wa wilaya nyingine za majini kama Buvuma, Namayingo, Amolatar na Obongi, ambako nako maisha hutegemea kivuko.

Mkataba mmoja, wizara nyingi

Feri za Bukakata ni sehemu ya mpango mkubwa zaidi unaoendeshwa na kampuni ya Kalangala Infrastructure Services, inayofahamika zaidi kwa kifupi chake, KIS. Huu ni ubia kati ya serikali na wawekezaji: Uganda inashiriki kupitia Shirika la Maendeleo la Uganda, na mwekezaji mkuu kutoka nje ni Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Afrika Kusini. Chini ya mpango huo kampuni hiyo ilipewa kazi ya kuendesha feri, kukarabati barabara ya changarawe ya kilometa 66 kutoka Luuku kupitia mji wa Kalangala hadi Mulabana, kusambaza maji safi, na kuzalisha umeme kwa mtambo mseto wa jua na dizeli wenye uwezo wa megawati 1.6.

Ni mpango wenye mantiki. Kisiwa kisicho na umeme hakiwezi kugandisha samaki, kisicho na feri hakiwezi kuwasafirisha, na kisicho na barabara hakiwezi hata kuwafikisha gatini. Mwekezaji mmoja akibeba vyote, kila kimoja hukisaidia kingine. Lakini kwa mbunge anayetaka kuhoji, mpango huo una ugumu wake. Feri ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Bei ya umeme hupitishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, iliyoundwa kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 1999, na sera yake iko kwa Waziri wa Nishati. Maji yana wizara yake. Malipo ambayo serikali humpa mwendeshaji ili abiria wavuke bure hutoka Wizara ya Fedha.

Mbunge akimuuliza Waziri wa Uchukuzi kwa nini safari zimepunguzwa, anaweza kuambiwa kwamba malipo yamechelewa Hazina. Akimuuliza Waziri wa Fedha, ataambiwa kwamba wizara husika haikuyaweka katika makadirio yake. Akiuliza kuhusu bei ya umeme wa Bugala, ambayo wakazi wameilalamikia mara nyingi, atajibiwa kwamba uamuzi ni wa mamlaka huru. Kila jibu linaweza kuwa la kweli, na bado mkazi wa Luuku akabaki gatini. Wabunge wazoefu wamejifunza kulielekeza swali la namna hii kwa Waziri Mkuu, ambaye kwa mujibu wa Ibara ya 108A ya Katiba ndiye kiongozi wa shughuli za serikali bungeni. Robinah Nabbanja, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Uganda, aliuchukua Juni 2021. Katika kipindi cha maswali kwa Waziri Mkuu, mkuu wa shughuli za serikali hawezi kusema kwamba jambo fulani ni la wizara ya mwenzake.

Katiba inaruhusu nini

Ni rahisi kudhani kwamba mbunge anayetaka feri mpya angeleta hoja, Bunge likaipitisha, na feri ikanunuliwa. Katiba ya mwaka 1995 hairuhusu hivyo. Ibara ya 93 inalizuia Bunge kushughulikia muswada au hoja inayoweka mzigo kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali isipokuwa imeletwa kwa niaba ya serikali yenyewe. Kwa maneno mengine, mbunge wa kawaida hawezi kuanzisha matumizi. Kifungu hiki kinafahamika kidogo nje ya Bunge, lakini ndicho kinacholifanya swali kuwa na thamani kubwa kuliko linavyoonekana: penye kizuizi cha kuagiza, kuuliza ndiyo silaha iliyobaki.

Silaha hiyo ina sura kadhaa. Mbunge anaweza kuwasilisha swali ili lijibiwe kwa mdomo ukumbini. Anaweza, kwa ruhusa ya Spika, kusimama mwanzoni mwa kikao na kueleza jambo lenye umuhimu wa kitaifa, naye Spika akamwagiza waziri kuleta taarifa. Hii ndiyo njia inayotumiwa zaidi meli inapokwama, kwa kuwa haingoji zamu ndefu. Anaweza pia kulipeleka jambo katika kamati: Kamati ya Miundombinu kwa habari za feri na barabara, Kamati ya Mazingira na Maliasili kwa habari za nishati.

Kamati ndizo zenye meno. Ibara ya 90 inazipa uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kuwalazimisha mashahidi kufika, kuwahoji chini ya kiapo na kudai nyaraka. Ukumbini waziri husoma taarifa iliyoandaliwa, huulizwa maswali machache ya nyongeza, kisha shughuli huendelea. Katika kamati, waziri hukaa na katibu mkuu wake na wahandisi wake, na mbunge anaweza kuomba mkataba wenyewe uwekwe mezani. Anayetaka kujua kwa nini chombo kimekaa miezi katika matengenezo afadhali afuatilie kamati kuliko ukumbi.

Ipo pia Kamati ya Ahadi za Serikali na Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia yale ambayo mawaziri wameahidi mbele ya Bunge. Haipati nafasi kubwa katika vyombo vya habari. Hata hivyo kuwepo kwake ni ukiri kwamba ahadi ya waziri na utekelezaji wake ni vitu viwili vinavyohitaji mtu wa kuvilinganisha.

Swali linalofuata ni hili: waziri asipotekeleza, Bunge lifanye nini? Ibara ya 117 inasema kwamba kila waziri anawajibika kwa Rais kuhusu uendeshaji wa wizara yake, na kwamba mawaziri wote kwa pamoja wanawajibika kwa maamuzi ya Baraza la Mawaziri. Bunge halina mamlaka ya kumfukuza. Lina Ibara ya 118, inayoliruhusu kupitisha azimio la kutokuwa na imani na waziri kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote, baada ya hati iliyotiwa saini na angalau theluthi moja ya wabunge kupelekwa kwa Rais na siku 30 kupita. Azimio likipita na waziri asijiuzulu, Rais huchukua hatua anayoiona inafaa.

Bunge la Sita lilitumia kifungu hiki dhidi ya Jim Muhwezi mwaka 1998 na dhidi ya Sam Kutesa mwaka 1999, wote wakiwa mawaziri wa nchi. Wote wawili walirudi serikalini: Muhwezi akawa Waziri wa Afya, naye Kutesa akawa Waziri wa Mambo ya Nje na baadaye, mwaka 2014, Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mifano hiyo inaonyesha uwezo wa kifungu hicho na mpaka wake kwa wakati mmoja.

Ziwa moja, feri na umeme

Wabunge wanaounganisha feri na umeme katika hoja moja huonekana wakati mwingine kama wanaochanganya mambo. Matukio ya mwaka 2020 yaliwapa haki. Mvua kubwa zilipandisha maji ya Ziwa Victoria hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja mwezi Mei, kiwango kilichokaribiana mno na kupita kwa kiasi kidogo kile cha mwaka 1964. Mialo ilimezwa, magati yakafunikwa, na nyumba za wavuvi zikaachwa katikati ya maji. Mwezi mmoja kabla, tarehe 14 Aprili, kisiwa kinachoelea cha mafunjo na magugu kilikuwa kimesukumwa hadi kwenye mitambo ya Nalubaale na Kiira huko Jinja, na nchi nzima ikaingia gizani. Chanzo cha mikasa yote miwili kilikuwa maji yaleyale. Kaskazini zaidi, katika Ziwa Kyoga, magugu ya aina hiyo yamewahi kuziba njia ya feri kati ya Zengebe na Namasale na kuwaacha wakazi wa Amolatar wakisubiri.

Sekta ya nishati imewapa wabunge maswali mengi kuliko pengine sekta nyingine yoyote. Bwawa la Isimba lenye megawati 183 lilizinduliwa Machi 2019. Tarehe 8 Agosti 2022 maji yaliingia katika jumba la mitambo na uzalishaji ukasimama, na Waziri wa Nishati, Ruth Nankabirwa, akalazimika kueleza jinsi jumba la bwawa jipya lilivyofurika. Karuma, lenye megawati 600, lilianza kujengwa mwaka 2013 likitarajiwa kukamilika mwaka 2018, lakini lilizinduliwa rasmi Septemba 2024. Katika miaka hiyo mawaziri watatu wa nishati walipita: Irene Muloni, Mary Goretti Kitutu na Nankabirwa. Kila mmoja aliwasilisha tarehe mpya, na kila mmoja alirithi maswali ya aliyemtangulia.

Lakini mfano unaoeleza vizuri zaidi nguvu ya Bunge na udhaifu wake ni ule wa kampuni ya Umeme. Kampuni hiyo ilianza kusambaza umeme Machi 2005 kwa mkataba wa miaka 20. Malalamiko ya bei kubwa na kukatika kwa umeme yalikua hadi Bunge likaunda kamati maalumu, iliyoongozwa na Jacob Oboth-Oboth, kuichunguza sekta nzima. Mwaka 2014 Bunge lilikubali pendekezo la kuuvunja mkataba huo. Serikali haikuuvunja. Ilizingatia fidia ambayo ingelazimika kulipa, na mkataba ukaendelea hadi ulipofikia kikomo chake tarehe 31 Machi 2025, ambapo Kampuni ya Usambazaji Umeme ya Uganda, UEDCL, iliyo mali ya umma, ilichukua kazi hiyo.

Hapo ndipo Bunge lilipopata mlango mwingine. Ili kuilipa kampuni iliyokuwa ikiondoka, serikali ilihitaji mkopo wa dola za Marekani milioni 190.9, na mkopo wa serikali hauwezi kuchukuliwa bila idhini ya Bunge. Wabunge waliohoji hesabu hizo hawakuwa wakiuliza kwa ajili ya kumbukumbu tu, kwani serikali ilikuwa inahitaji kura yao. Kilicholipwa hatimaye, baada ya uhakiki wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kilikuwa dola milioni 118, na kampuni ikakipinga kiasi hicho ikidai zaidi. Ukilinganisha mwaka 2014 na mwaka 2025, azimio la kwanza lilikuwa kali zaidi kwa maneno, lakini ni kikao cha pili ndicho kilichoshika mfuko.

Roho zilizopotea kabla ya jibu

Kwa wakazi wa visiwani, kucheleweshwa kwa jibu kuna gharama inayohesabika kwa watu. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mutima, wilayani Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Ilibainika kwamba haikuwa na leseni ya kubeba abiria. Tarehe 2 Agosti 2023 boti iliyotoka Lwanabatya, visiwani Kalangala, kuelekea mwalo wa Kasenyi ikiwa imesheheni mkaa, vyakula na dagaa, ilizama na kuua watu 20.

Ajali hizi mbili hazifanani. Ya kwanza iliwapata watu waliokuwa kwenye matembezi. Ya pili iliwapata watu waliokuwa safarini kwa njia waliyoizoea, wakiwa wamekaa juu ya mizigo kwa sababu chombo cha mizigo ndicho kilichokuwa kinaondoka. Sheria inaweza kumkataza mwenye boti kupakia kupita kiasi, lakini haiwezi kumpa abiria wa kisiwa kidogo chombo kingine cha kupanda.

Baada ya mkasa wa 2018, wabunge waliwabana mawaziri kuhusu sheria za vyombo vya majini, ambazo nyingi zilikuwa zimetungwa enzi ya ukoloni. Sheria ya Uchukuzi wa Majini ya mwaka 2021 ilichukua nafasi yake, ikiweka masharti mapya ya usajili, ukaguzi na leseni. Swali lililobaki mbele ya Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Edward Katumba Wamala, aliyeshika wadhifa huo kuanzia mwishoni mwa 2019, lilikuwa la utekelezaji: ni wakaguzi wangapi watakaokuwa kwenye mialo mamia, na nani atawalipa.

Uganda haiko peke yake katika hili. Ng'ambo ya ziwa hilohilo, nchini Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa mbele ya macho ya ndugu zao waliokuwa wakiwasubiri ufukoni. Wanasiasa wa upinzani walisema baada ya hapo kwamba walikwisha kuhoji hali ya chombo hicho kabla ya ajali. Katika Bunge la Dodoma maswali huulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili, na mkazi wa Ukerewe mwenye redio husikia mwenyewe waziri alichosema. Katika Bunge la Kampala mijadala huendeshwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilitambuliwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litaainisha kwa sheria, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Hadi hayo yatimie ukumbini, mvuvi anayeongea Kiswahili mwaloni hutegemea wengine wamweleze swali lake mwenyewe lilijibiwaje.

Kipindi kipya cha kujibu

Kwa miaka 16 mwenye dhamana ya karibu ya feri nyingi za serikali alikuwa Mamlaka ya Barabara za Taifa, UNRA, iliyoanza kazi mwaka 2008. Feri zilihesabiwa kuwa sehemu ya barabara: pale lami inapoishia majini, kivuko huchukua nafasi ya daraja. Ndivyo ilivyokuwa Laropi kati ya Moyo na Adjumani, Wanseko kuelekea Panyimur, na Kiyindi kuelekea Buvuma. Mpangilio huo ulimpa waziri nafasi ya kusema kwamba jambo liko kwa mamlaka, na mamlaka kusema kwamba inasubiri sera ya wizara.

Mwishoni mwa mwaka 2024 UNRA ilivunjwa katika mpango wa serikali wa kupunguza taasisi, na kazi zake zikarudi wizarani. Wakala wa Umeme Vijijini ulikuwa umepitia njia hiyohiyo mwaka 2021 na kuingizwa ndani ya Wizara ya Nishati. Wengi walizijadili hatua hizo kwa kuangalia ajira zilizopotea na fedha zilizotarajiwa kuokolewa. Kwa mbunge wa visiwani lililo kubwa ni jingine: ngazi moja ya kukwepea imeondoka. Chombo kikikwama, anayeulizwa na anayetekeleza wako katika jengo moja. Kwa upande mwingine, mamlaka ilikuwa na hesabu zake na bodi yake, na kamati ya Bunge inayosimamia mashirika ya umma iliweza kuichambua peke yake. Sasa fedha za feri zimo ndani ya fungu kubwa la wizara, na anayetaka kuziona itambidi asome mstari kwa mstari.

Kuzisoma huko kuna msimu wake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inaitaka serikali kuwasilisha mfumo wa bajeti bungeni kufikia tarehe 31 Desemba, na Bunge kuupitisha kufikia tarehe 1 Februari. Mawaziri huwasilisha matamko ya sera ya wizara zao kufikia tarehe 15 Machi, makadirio ya mwaka huletwa kufikia tarehe 1 Aprili, na bajeti hupitishwa kabla ya Mei kwisha. Hotuba ya bajeti isomwayo Juni, ambayo ndiyo hutangazwa kwa mbwembwe, huja wakati mambo mengi yamekwisha kuamuliwa.

Swali kuhusu MV Kalangala likiulizwa mwezi Julai hupata maelezo. Likiulizwa kati ya Machi na Mei, wakati wizara inaihitaji kamati ipitishe fungu lake, linaweza kupata mstari katika bajeti, wenye kiasi na jina la chombo. Mwaka unaofuata Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, anayetakiwa na Ibara ya 163 kuwasilisha ripoti bungeni kila mwaka, ataeleza kama fedha hizo zilitoka na zilifanya nini. Kutoka hapo jambo huenda katika Kamati ya Hesabu za Umma, ambayo huongozwa na mbunge wa upinzani, na katibu mkuu wa wizara huitwa aje na risiti.

Ni mzunguko wa takriban miaka miwili kuanzia swali hadi hesabu. Ndani ya miaka miwili hiyo, saa nane mchana, kuna watu wanaosimama Nakiwogo na mizigo yao, wakitazama kama meli ipo.